Pini na Koleo Lake: Historia ya Kiungo Kisichohitaji Moto

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huu huambiwa mtu anayelisifu jahazi majini akamsahau fundi aliyechonga mbao zake. Nami nimeona unafaa kuanzia insha ya kitu kidogo kuliko jahazi: kile kipande chembamba cha shaba iliyopakwa bati, chenye mabawa mawili mawili, kinachobanwa kwenye ncha ya waya ili waya uweze kuchomekwa na kuchomolewa. Wanafunzi wanaounda roboti, taa za sola au vipima joto kwa bodi za Arduino hukishika kila siku. Lakini hukizungumzia siku kinapochomoka tu.

Katika insha hii ninakusudia kueleza kiungo hicho kilitoka wapi, na kwa nini historia yake inamsaidia mtu anayetaka kununua konekta na koleo leo. Hoja yangu ni moja. Pini na koleo lake havikubuniwa kama vitu viwili. Vilibuniwa pamoja, ili ustadi uhame kutoka kwenye mkono wa fundi na kuingia ndani ya chombo. Soko la leo limevitenganisha, na hasara nyingi za wanafunzi zinatokana na utengano huo.

Kabla ya koleo

Umeme ulipoanza kubeba habari, tatizo la kuunga waya lilikuja nao. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wa telegrafu kati ya Washington na Baltimore, na baada ya hapo nyaya zilitandazwa kwa maelfu ya kilomita. Waya haufiki mbali hivyo bila kuungwa. Mafundi walizisokota ncha mbili, moja juu ya nyingine, kwa mizunguko iliyokaza; mtindo mmoja wa usokotaji huo hadi leo unaitwa kwa jina la kampuni ya telegrafu ya Western Union. Walipotaka kiungo cha kudumu zaidi waliongeza lehemu, yaani mchanganyiko wa risasi na bati ulioyeyushwa kwa chuma cha moto.

Kulehemu ni kazi nzuri ikiwa mkono ni mzuri. Moto ukipungua, lehemu hukaa juu ya waya kama tone la nta bila kushikamana nao. Moto ukizidi, ganda la waya huungua. Tena viungo viwili vinaweza kufanana machoni, kimoja kizima na kingine kibovu. Ndiyo maana mwanagenzi alikaa chini ya fundi muda mrefu kabla ya kuachiwa kazi peke yake. Redio yenye viungo mia ilitegemea hali ya mkono wa mtu mmoja, siku ile aliyoiunda.

Upo udhaifu wa pili. Lehemu iliyoyeyuka hupanda katikati ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu kama msumari. Pale ugumu unapoishia ndipo waya hukunjika kila chombo kinapotetemeka, na ndipo hukatika. Kwa redio iliyotulia mezani hilo si neno kubwa. Kwa ndege iliyo angani ni jambo la uhai.

Mwaka 1941

Mnamo Septemba 1941 mhandisi Mmarekani, Uncas A. Whitaker, alianzisha kampuni mjini Elizabeth, katika jimbo la New Jersey, akaiita Aircraft-Marine Products. Jina lenyewe lilitaja wateja wake: watu wa ndege na watu wa meli. Baadaye lilifupishwa kuwa AMP. Miezi mitatu baada ya hapo Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Pili, na viwanda vya ndege vikaanza kufanya kazi usiku na mchana.

Whitaker hakuwa mtu wa kwanza kufikiri kubana kipande cha madini juu ya waya. Wazo hilo lilikuwapo. Lakini mahitaji ya vita yaliligeuza kuwa utaratibu kamili. Ndege moja kubwa ya vita ilikuwa na maelfu ya ncha za waya. Wafanyakazi wengi wa viwandani walikuwa wageni katika kazi hiyo, wakiwemo wanawake wengi walioajiriwa baada ya wanaume kwenda jeshini, na hapakuwa na nafasi ya kumfundisha kila mmoja kulehemu kwa miaka. Aidha, fundi aliyetengeneza ndege uwanjani hakutaka kushika chuma cha moto karibu na tangi la mafuta.

Teminali ya kubana ilijibu matatizo hayo yote kwa mara moja. Mfanyakazi huingiza waya uliomenywa, hubana mpini hadi mwisho, basi. Makoleo yaliyofuata yalipewa racheti, yaani meno yanayozuia mpini kufunguka kabla mbano haujakamilika. Mtu mwenye nguvu na mtu dhaifu, aliyechoka na aliyeamka sasa hivi, wote hupata kiungo kilekile. Kipimo kimo ndani ya koleo. Hapo ndipo ustadi ulipohama.

Vita hivyo vilihitaji shaba nyingi, na kwa sababu hiyo historia hii inafika pia kwetu Kongo. Baada ya Ubelgiji kutekwa na Ujerumani mwaka 1940, shaba ya Katanga iliuzwa kwa Uingereza na kutumika upande wa Washirika. Wachimbaji na wafanyakazi wa viwanda vya Union Minière walizidishiwa kazi huku bei za vitu zikipanda. Mnamo Desemba 1941, mwaka uleule wa kampuni ya Whitaker, waliogoma mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, wakidai mishahara bora, walifyatuliwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni, na makumi waliuawa. Nimeitaja habari hii kwa sababu vitabu vya historia ya ufundi huanza na mvumbuzi na kuishia kiwandani. Waya wenyewe huonekana kama uliota shambani.

Kinachotokea ndani ya mbano

Kabla ya kuendelea na historia ni lazima kueleza kwa nini kubana kunafaa, maana wengi hudhani ni kushika tu, kama kibanio cha nguo kinavyoshika shati. Sivyo. Juu ya shaba iliyoguswa na hewa kuna utando mwembamba usiopitisha umeme vizuri. Mbano wa kweli hukandamiza nyuzi za waya na kuta za teminali kwa nguvu nyingi kiasi kwamba madini yenyewe husogea na kutambaa. Utando hupasuka, shaba safi hukutana na shaba safi, na nafasi za hewa kati ya nyuzi hutoweka. Hewa isipoweza kuingia, utando mpya hauwezi kuota ndani. Kiungo cha namna hiyo hudumu miaka.

Ndiyo maana kipimo ni muhimu. Mbano ukipungua, hewa hubaki, utando huota, joto huongezeka, na siku moja taa huanza kupepesa. Mbano ukizidi, nyuzi hukatwa au hupunguzwa unene, na waya huchomoka kwa kuvutwa kidogo. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na umbo la kalibu iliyo katika taya za koleo ndilo linaloamua.

Pini ndogo za vifaa vya elektroniki zina jozi mbili za mabawa. Jozi ya mbele hukumbatia shaba iliyomenywa na kupitisha umeme. Jozi ya nyuma hukumbatia ganda la plastiki, na kazi yake ni kuzuia mvuto na mtetemo visifike kwenye shaba. Koleo linalofaa lina vimo viwili tofauti kwa jozi hizo, na kalibu yake ya mbele huyakunja mabawa yageuke na kuzama katikati ya nyuzi, mfano wa herufi B iliyolala.

Kutoka ndege hadi mezani

Baada ya vita ujuzi huu uliingia majumbani. Kampuni ya Molex, iliyoanzishwa mwaka 1938 katika jimbo la Illinois, haikuanza na umeme kabisa. Molex lilikuwa jina la aina ya plastiki, na miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo zilikuwa vyungu vya maua. Baadaye familia ya wenye kampuni ilitambua kuwa plastiki hiyo inazuia umeme vizuri, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakibuni konekta za kasha la plastiki lenye pini za kubana ndani, kwa ajili ya vyombo vya nyumbani.

Huko Japani, mwaka 1957, ilianzishwa kampuni mjini Osaka ambayo leo inajulikana kwa herufi tatu, JST. Herufi hizo zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya teminali ya Japani isiyo na lehemu, na jina lake la Kijapani linataja wazi teminali za kubana. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayesema anataka konekta ya JST anataja bila kujua ule ugomvi wa zamani kati ya moto na koleo.

Jina la tatu ni Dupont, linalotumiwa kwa zile nyaya za rangi rangi zinazochomekwa kwenye bodi. Konekta hiyo ilitoka kwa Berg Electronics ya Marekani. Kampuni ya kemikali ya DuPont iliinunua Berg mwaka 1972 na kuiuza mwaka 1993. Biashara ilikwenda, jina likabaki sokoni. Nafasi kati ya pini na pini katika konekta hiyo ni milimita 2.54, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi, kwa kuwa inchi ilikubaliwa kimataifa mwaka 1959 kuwa milimita 25.4 kamili. Wajapani, waliotumia mita, walichagua milimita 2.5 kwa JST XH na milimita 2.0 kwa JST PH. Kati ya 2.54 na 2.5 tofauti ni ndogo kuliko unene wa karatasi, lakini katika safu ya pini kumi inafika milimita 0.36, na hapo plagi hugoma kuingia au huingia kwa kulazimishwa.

Pini na koleo zinapotengana

Zamani mnunuzi mkubwa wa konekta alipata vyote kwa muuzaji mmoja. AMP iliuza teminali na kuwakodisha wateja mashine za kuzibana. Hata leo JST huchapisha kwa kila aina ya pini jina la koleo linaloendana nayo: XH ina lake, PH ina lake. Makoleo hayo ya kampuni huuzwa kwa mamia ya dola. Kiwanda kinaweza kulipa. Mwanafunzi hawezi.

Hivyo soko la wapenzi wa elektroniki lilifuata njia yake. Pini ziliigwa na kuuzwa kwa mifuko ya mamia, mara nyingi bila jina la mtengenezaji, na makoleo ya bei nafuu yakaandikwa kuwa yanafaa pini zote. Ni kama kununua kufuli kwa huyu na ufunguo kwa yule, ukitumaini vitaelewana. Tena mtu wa pini na koleo hufanya kazi peke yake chumbani. Pini ikichomoka, husema mkono wangu haufai, akarudi kwenye lehemu au akaacha kabisa. Lakini kiungo hiki kilibuniwa hasa ili mkono wa mgeni ufae! Ukiwa na chombo sahihi na bado ukahitaji miaka ya mazoezi, basi hicho si chombo sahihi.

Kuchagua leo

Kutokana na historia hiyo, naona mnunuzi aanze na waya, aende kwenye konekta, amalizie na koleo, kisha asirudi nyuma kubadilisha kimoja bila kutazama vingine.

Waya hupimwa kwa milimita za mraba au kwa namba za Kimarekani za AWG, ambazo hupungua kadiri waya unavyonenepa. AWG 22 ni kama milimita za mraba 0.33, AWG 26 ni kama 0.13, na AWG 28 ni kama 0.08. Pini ya kawaida ya XH imetengenezwa kwa AWG 28 hadi 22, na kampuni huiruhusu kubeba ampea 3 kwa waya wa AWG 22. Pini ya kawaida ya PH hupokea AWG 30 hadi 24, na hubeba ampea 2 kwa waya wa AWG 24. Mtu akiunga mota inayokula ampea 5 kwa PH, hakuna koleo litakalomwokoa. Unene wa ganda nao una hesabu, kwa sababu mabawa ya nyuma yakikutana na ganda nene kupita kiasi hayafungi, na kasha la plastiki halitapokea pini.

Kisha konekta. Dupont ni nyepesi kwa majaribio ya mezani, lakini haina kitasa, kwa hiyo hutoka ikitikiswa. XH hushika kwa msuguano imara zaidi na ina upande mmoja tu wa kuingilia, ndiyo maana hutumika sana kwenye waya za kusawazisha betri za lithiamu. PH ni ndogo na huonekana kwenye betri za seli moja. Hapa kuna hatari ya kweli: watengenezaji hawakukubaliana ni pini ipi iwe chanya, kwa hiyo plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na kuunguza bodi. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka.

Mwisho koleo. Lile la nyaya za mtandao, ambalo karibu kila fundi wa kompyuta analo, halifai, kwa sababu plagi zake hutoboa ganda kwa meno badala ya kukunja mabawa. Lile la teminali za magari, zenye rangi nyekundu, buluu na njano, halifai pia. Kalibu yake ni ya bomba lililofungwa na nyaya nene. Kwa pini ndogo kuna njia mbili zinazojulikana kwa bei ya chini. Ya kwanza ni koleo la racheti la Kichina, kama SN-28B, linalobana jozi zote mbili za mabawa kwa pigo moja. Ni la haraka, lakini vimo vyake vimeshapangwa, na kwa nyaya nyembamba mabawa ya nyuma huweza kulichoma ganda badala ya kulikumbatia. Ya pili ni koleo dogo la Kijapani kama PA-09 la kampuni ya Engineer, lisilo na racheti, lenye matundu ya milimita 1.0 hadi 1.9. Hubana mabawa ya shaba kwanza, kisha ya ganda, kila jozi kwa tundu lake. Ni la polepole na linarudisha sehemu ya kipimo mkononi, lakini linamruhusu mtu kupatanisha pini za asili mbalimbali.

Anayebana pini za aina moja kwa wingi achukue la racheti, anunue mfuko mmoja wa pini na abaki nao. Anayetengeneza vifaa vya watu, ambako kila siku huja konekta tofauti, achukue la matundu. Kwa vyovyote vile, abane pini tano za majaribio, azitazame kwa kioo cha kukuzia, na azivute kwa mkono. Herufi B iwe imefunga, nyuzi zichungulie kidogo mbele ya mabawa, na waya usitoke. Asipake lehemu kwenye nyuzi kabla ya kubana, maana lehemu ni laini, hutambaa polepole ikibanwa, na kiungo hulegea baada ya muda.

Wapo watakaosema, kwa nini taabu yote hii, si tulehemu tu? Kwa bodi iliyotulia, lehemu haina mpinzani, nami sitaki kuidharau. Wapo pia wanaonunua nyaya zilizokwisha kubanwa kiwandani, na kwa anayehitaji kumi tu huo ni uamuzi wa busara. Lakini roboti inatembea, pampu inatetemeka, pikipiki inaruka mashimo. Huko ndiko koleo lilikozaliwa kwenda.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kiungo cha kubana kilikua katika mahitaji ya vita ili mtu asiye na miaka ya uanagenzi aweze kuunga waya wa kutegemewa, na kwamba siri yake ni ndoa kati ya waya, pini na kalibu. Anayenunua pini bila koleo lake amenunua nusu ya uvumbuzi.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Jimbo letu liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997, na shaba bado inaondoka kwa malori na kurudi ikiwa pini katika mifuko ya plastiki. Hatuwezi kubadilisha safari hiyo kwa insha. Tunaloweza ni wanafunzi sita au saba kuchanga fedha, kununua koleo moja zuri badala ya mabovu saba, na kuliweka mahali ambapo kila mmoja atalikuta, pamoja na mfuko wa pini zinazoendana nalo na karatasi iliyoandikwa waya wa unene gani unaingia tundu lipi. Karatasi hiyo isipotee. Ndiyo nusu nyingine ya koleo.